Budondo: Nati za kufuli zalinda rimu, lakini ufunguo ukipotea ni balaa

BUDONDO, Jinja

Mwisho wa juma ukifika, magari hutoka Jinja mjini kuelekea kaskazini, yakiufuata ukingo wa mashariki wa Mto Nile hadi Budondo. Wageni wengi huja kuona Maporomoko ya Itanda, ambayo yamepata umaarufu zaidi tangu yale ya Bujagali yafunikwe na maji ya bwawa mwishoni mwa mwaka 2011. Wapo wanaokaa saa mbili na kurudi, na wapo wanaopiga hema na kulala hapo wakisikiliza maji.

Gari nalo hulala. Hukaa kando ya uzio au chini ya mwembe, au huachwa mbele ya nyumba ya mwenyeji ambaye hana lango wala mlinzi. Ukungu wa mto na ngurumo ya maji hufunika sauti ndogo ndogo za usiku, na miongoni mwa sauti hizo inaweza kuwamo ya spana inayofungua nati za magurudumu.

Chukua mfano wa dereva wa gari la kukodi, lile ambalo Waganda huliita speshali. Gari ni moja, nalo ndilo linalolipa karo ya watoto na deni la chama. Amewaleta wageni Itanda leo, na kesho wamekubaliana awapeleke Mbale na kuendelea hadi Maporomoko ya Sipi. Alfajiri anatoka kuwasha gari na kulikuta limekaa juu ya matofali. Rimu nne za alumini zimekwenda pamoja na tairi zake. Milango imefungwa, redio ipo na hakuna kioo kilichovunjwa. Hata hivyo, gari hilo haliendi popote.

Hasara yake haiishii kwenye bei ya rimu. Tairi nazo ni za kununua upya. Safari ya Mbale imepotea na wageni wamepata dereva mwingine. Pengine bomba la breki au sakafu ya gari imepondwa na matofali, kwa sababu mwizi hachagui mahali pa kuweka jeki. Kwa mtu mwenye gari moja, usiku mmoja wa namna hiyo huweza kumrudisha nyuma miezi kadhaa.

Ndiyo maana suala la nati za kufuli linawahusu watu wengi zaidi kuliko vijana wanaopenda magari ya kung'ara.

Kwa nini mwizi anaitaka rimu

Magari mengi yaliyoko Uganda yaliwahi kutumika Japani. Hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na yanayopitia Mombasa huvuka mpaka wa Malaba au Busia, kisha hupita Jinja kuelekea Kampala. Mengi huja yakiwa na rimu za alumini zilizochanganywa na madini mengine, ambazo ni nyepesi kuliko za chuma na zinapendeza machoni.

Rimu hizo zina sifa tatu zinazomvutia mwizi. Kwanza, hutoka kwa jeki na spana ya kawaida, vifaa ambavyo kila mwenye gari anavyo. Pili, rimu moja huingia kwenye magari mengi. Rimu yenye matundu matano katika duara la milimita 114.3, kwa mfano, hutumika katika aina nyingi za Toyota, Nissan, Honda, Mitsubishi na Mazda. Tatu, injini na chasisi zina namba zake, lakini rimu haina namba inayoitambulisha na gari fulani. Maandishi yaliyo ndani yake hutaja ukubwa na mtengenezaji tu. Ikishaondoka kwenye gari, mwenyewe hupata shida kuthibitisha kuwa ni yake.

Nati ya kufuli inavyofanya kazi

Nati ya kawaida ina pembe sita, na spana yoyote ya kipimo chake huifungua. Nati ya kufuli haina pembe hizo. Kichwa chake ni cha mviringo na kimechongwa mfereji wenye mchoro wa pekee, mithili ya ua au wimbi. Huja na ufunguo wake, kipande kifupi cha chuma ambacho upande mmoja kinaingia kwenye mchoro huo na upande wa pili kina pembe sita za kushikwa na spana.

Seti ya kawaida ina nati nne na ufunguo mmoja au miwili. Kila gurudumu huondolewa nati moja ya kawaida na kuwekwa moja ya kufuli. Nyingine hubaki kama zilivyokuwa, kwa kuwa mwizi akifungua nne kati ya tano bado gurudumu halitoki. Gari lenye tairi ya akiba iliyofungwa nje kwenye mlango wa nyuma, kama RAV4 za zamani na baadhi ya Prado, linahitaji nati ya tano, la sivyo tairi hiyo ndiyo itakayokwenda.

Kipimo kwanza, bei baadaye

Kosa kubwa dukani ni kuchagua kwa macho. Nati mbili huweza kufanana kabisa kwa nje, lakini moja ikalishika gurudumu na nyingine ikaliua. Mambo matatu yanapaswa kukaguliwa kabla ya fedha kutoka mfukoni.

La kwanza ni unene wa boliti ya kitovu na hesi yake, yaani mistari ambayo nati huizungukia. Magari mengi madogo ya Toyota, pamoja na Honda, Mitsubishi na Mazda, hutumia boliti ya milimita 12 yenye hesi ya milimita 1.5. Nissan, Subaru na Suzuki nyingi zina unene huo huo wa 12, ila hesi yake ni 1.25. Land Cruiser za muundo wa 100 na 200 zina boliti ya milimita 14 yenye hesi ya 1.5. Mwenye Subaru akiuziwa nati ya Toyota, itaingia mizunguko miwili hivi kisha itakwama. Fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa nguvu, ataharibu hesi za nati na za boliti kwa pamoja.

Jaribio lake ni rahisi na halihitaji kifaa. Nati sahihi huzunguka kwa vidole tu, bila spana, mpaka ikaribie kugusa rimu. Kanuni ya mafundi ni kwamba hesi ziwe zimeshikana kwa urefu usiopungua unene wa boliti. Kwa boliti ya milimita 12 yenye hesi ya 1.5, hiyo ni mizunguko 8 kamili. Kwa hesi ya 1.25, ni karibu mizunguko 10. Nati inayokaza baada ya mizunguko mitatu au minne haijashika vya kutosha, hata kama inaonekana imebana.

La pili ni kikalio, yaani sehemu ya nati inayogusa rimu. Rimu nyingi zinazouzwa madukani kama mapambo zina tundu lenye umbo la koni, na nati yake nayo ni ya koni. Rimu nyingi za alumini zilizotoka na gari kiwandani Toyota zinataka nati yenye shingo iliyonyooka na washa bapa. Honda za kiwandani hutumia kikalio cha duara kama nusu ya mpira. Nati ya koni ikifungwa kwenye tundu la washa bapa, hugusa ukingo mwembamba tu. Inaweza kuonekana imekaza ikiwa gereji, kisha ikalegea baada ya mashimo machache ya barabarani.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Mwenye gari amebadilisha rimu za kiwandani akaweka za mapambo, lakini akaendelea na nati za zamani. Au amefanya kinyume chake. Kila rimu zinapobadilishwa, nati nazo lazima zikaguliwe upya, pamoja na zile za tairi ya akiba. Tairi ya akiba yenye rimu ya chuma huenda ikahitaji nati tofauti na zilizo kwenye rimu za alumini.

La tatu ni kujua kama gari linatumia nati au boliti. Magari mengi ya Ulaya, kama Mercedes-Benz, BMW na Volkswagen, hayana boliti zilizotokeza kwenye kitovu. Rimu zake hubanwa kwa boliti zinazoingia ndani. Magari hayo yanahitaji boliti za kufuli zenye urefu ule ule wa boliti zake za awali, kwani iliyo ndefu kupita kiasi huweza kugusa vipuri vya breki kwa ndani.

Si kila kufuli ni kufuli

Baada ya kipimo ndipo ubora hufuata. Katika maduka ya vipuri ya Jinja na Mbale, kama ilivyo Kisekka jijini Kampala au Kariakoo jijini Dar es Salaam, mteja atakutana na daraja tofauti.

Nati za bei ya chini mara nyingi huwa na mchoro mwepesi wenye matuta machache kwa nje. Mwizi anayejua kazi huchukua soketi iliyo ndogo kidogo, akaigonga kwa nyundo juu ya nati hiyo mpaka ing'ang'anie, kisha akaifungua kama nati nyingine. Chuma chake pia huwa laini, na mchoro huweza kuharibika mikononi mwa fundi halali kabla hata mwizi hajafika.

Nati bora hutengenezwa kwa chuma kilichopikwa kikawa kigumu. Mfereji wake ni mwembamba na wenye kona nyingi, na sehemu ya nje ni laini isiyo na pa kushika. Zipo pia zenye pete ya nje inayozunguka bure. Soketi ikigongwa juu yake, pete huzunguka peke yake huku nati ikibaki palepale. McGard, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1964, ni miongoni mwa watengenezaji wanaojulikana zaidi duniani, na nati zake hukutwa hata kwenye magari yaliyotoka Japani.

Hata hivyo, hakuna nati isiyofunguka kabisa. Mwizi mwenye vifaa maalumu na muda wa kutosha ataishinda. Anachonunua mwenye gari ni dakika na kelele. Kazi iliyokuwa ya kimya na ya haraka inageuka kuwa ya nyundo, na wezi wengi watalihama gari hilo na kutafuta jingine.

Kufunga kwa mkono, si kwa mashine ya upepo

Nati ya kufuli hufungwa na kufunguliwa kwa spana ya mkono. Mashine ya upepo, ambayo gereji nyingi za tairi huitumia ili kuokoa muda, hupiga ufunguo mapigo ya nguvu yanayoweza kuupasua au kuulamba mchoro wake. Mwenye gari anayekwenda kuziba pancha afadhali aseme mapema kwamba gari lina nati za kufuli, kisha asimame hapo hadi kazi iishe.

Ni kawaida kushauriwa kwamba nati ya kufuli iwe ya kwanza kufunguliwa na ya mwisho kukazwa. Nyingine hukazwa kwa kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, si kwa kufuata duara, ili rimu ikae sawasawa kwenye kitovu. Hesi husafishwa kwa brashi ya waya na kuachwa kavu. Grisi hufanya nati ikaze kupita kiasi bila mfungaji kujua, kwa hiyo isiwekwe isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza.

Kiasi cha kukaza nacho kina kipimo chake. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka nyutoni-mita 103. Ni sawa na kuning'iniza mzigo wa kilo 10 na nusu kwenye ncha ya spana yenye urefu wa mita moja, au kilo 21 kwenye spana ya nusu mita. Mtu wa kilo 70 anayesimama juu ya spana ya nusu mita anaweka zaidi ya mara tatu ya kiasi hicho. Boliti huvutika na kudhoofika, na siku ya pancha nati haitoki. Spana ya kupimia mkazo humaliza ubishi, na gereji yenye spana hiyo inastahili kusafiriwa.

Baada ya kufunga, nati zote zikaguliwe tena gari likishatembea kati ya kilomita 50 na 100. Rimu ya alumini hujikalisha kidogo baada ya mwendo, na nati iliyokuwa sawa asubuhi huweza kuhitaji robo ya mzunguko jioni.

Ufunguo ni mdogo, kazi yake ni kubwa

Ukiacha wizi, tatizo kubwa la nati za kufuli ni la mwenye gari mwenyewe, nalo ni kupotea kwa ufunguo. Ni kipande kinachoenea kwenye kiganja. Fundi hukisahau ndani ya soketi yake, kikaondoka na sanduku la vifaa. Au dereva wa zamu hukitia mfukoni akaenda nacho nyumbani Iganga.

Kupotea kwake hakujulikani siku hiyo. Hujulikana usiku wa mvua kwenye barabara ya Tirinyi, katikati ya mabwawa ya Mto Mpologoma, tairi ikiwa imepasuka na abiria wakiwa ndani. Fundi wa bodaboda anafika, anatazama gurudumu na kuuliza: "Bosi, ufunguo wa nati uko wapi?" Bila jibu la swali hilo, tairi ya akiba yenye upepo mzuri haina faida yoyote.

Kwa hiyo ufunguo unahitaji mahali pamoja pa kudumu ndani ya gari, panapojulikana na kila anayeliendesha, lakini pasiwe mahali ambapo mwizi ataanzia kupekua. Gari la kampuni, shule au kanisa lenye madereva kadhaa liandike mahali hapo kwenye daftari la makabidhiano. Seti yenye funguo mbili ni bora zaidi, mmoja ukakaa kwenye gari na wa pili nyumbani. Seti nyingi bora huja na kadi yenye namba ya mchoro. Namba hiyo ndiyo itakayowezesha kuagiza ufunguo mwingine, hivyo kadi ihifadhiwe pamoja na hati za gari, wala isiachwe garini.

Katika barabara za ndani za Budondo kuna jambo jingine la kuangalia. Vumbi jekundu na tope huingia kwenye mfereji wa nati na kukauka. Ufunguo usioingia hadi mwisho huteleza na kula kingo za mchoro. Mfereji usafishwe kwanza kwa ncha ya waya au mswaki mkuukuu.

Gari lililonunuliwa likiwa na kufuli tayari

Baadhi ya magari yaliyotumika Japani huwasili yakiwa na nati za kufuli ambazo mnunuzi hakuziomba. Ufunguo huwa umewekwa penye tairi ya akiba au kwenye kisanduku cha mbele ya abiria. Wakati mwingine haupo kabisa, umepotea katika safari ndefu kutoka mnadani hadi bandarini.

Mnunuzi akague magurudumu manne kabla ya kumaliza malipo. Akiona nati yoyote isiyo na pembe sita, aombe ufunguo wake na aujaribu hapo hapo kwenye kila gurudumu. Usipopatikana, fundi mwenye vifaa vya kutolea aziondoe gari likiwa bado mjini mchana. Gharama ya mchana mjini ni ndogo kuliko ya usiku porini.

Kinga nyingine zisisahaulike

Nati za kufuli hufanya kazi vizuri zikisaidiwa. Gari linaloegeshwa karibu na ukuta, magurudumu yakiwa yamekatwa kuelekea ukutani, humnyima mwizi nafasi ya kupitisha spana. Taa na mlinzi bado havina mbadala. Mwenye gari anaweza pia kuchonga namba ya usajili ndani ya kila rimu, upande usioonekana, na kupiga picha za rimu hizo. Zikikamatwa, atakuwa na cha kuwaonyesha polisi.

Kinga kubwa zaidi iko upande wa mnunuzi. Rimu huibwa kwa sababu kuna anayezinunua bila kuuliza. Kupokea mali huku ukijua ni ya wizi ni kosa la jinai Uganda, Kenya na Tanzania. Rimu nne zinazouzwa usiku kwa bei ya kutupa, bila risiti na bila nati zake, zina mwenyewe mahali fulani, na huenda mwenyewe huyo amesimama saa hiyo kando ya gari lililo juu ya matofali.

Kwa dereva wa speshali wa mfano huu, hesabu si ngumu. Nati nne za kipimo sahihi ni gharama ndogo ukilinganisha na rimu nne na tairi zake. Akizifunga Jinja asubuhi ya safari ya Mbale, atapita Bugembe, Kakira na Iganga, na kufika njia panda ya Nakalama akiwa amekaribia kilomita 50. Hapo ndipo pa kuegesha, kutoa ufunguo mahali pake na kuzunguka magurudumu manne na spana. Kazi hiyo haizidi dakika kumi. Akimaliza, aurudishe ufunguo mahali pake kabla hajawasha gari.